Kambi ya Karate Miono: Bweni Tayari Lipo kwa Bibi

Shilingi 210,000 kwa mtoto mmoja. Ndiyo hesabu iliyotoka tulipomaliza kujumlisha, mimi na kijana mmoja mzaliwa wa Miono anayefundisha karate Dar es Salaam. Alikuja na wazo nililolipenda mara tu alipolieleza: likizo ya Juni awakusanye watoto 40 wa umri wa miaka 7 hadi 12 kijijini kwao, walale shuleni siku 12, wafanye mazoezi siku 10, Jumamosi na Jumapili wapumzike. Kipeperushi alikuwa nacho tayari. Juu maandishi mekundu, katikati picha ya mtoto akivunja ubao kwa ngumi, na chini nafasi tupu. Alitaka nimsaidie kupata namba ya kuandika kwenye nafasi ile.

Namba tuliipata. Wazazi wa kuilipa ndio hatukuwaona, na kila tulipoirudia hesabu tuliona kwamba tatizo halikuwa tangazo.

Kwa asiyeifahamu Miono: ukitoka Chalinze kuelekea Segera, ukifika Mandera unakata kulia kushika njia ya Saadani, na Miono iko njiani kabla hujafika baharini. Ni Wilaya ya Bagamoyo, Halmashauri ya Chalinze. Ni nchi ya Wazigua, Wakwere na Wadoe, watu wa mihogo, mahindi, korosho na ufuta. Kutoka Dar es Salaam tulihesabu kilomita 160. Kwa nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya Desemba 2023, basi la daraja la kawaida kwenye lami ni shilingi 48.47 kwa kilomita, hivyo safari moja inafika kama 7,755. Kwenda na kurudi ni 15,500. Naanza na nauli kwa sababu ndiyo gharama pekee katika kambi nzima ambayo mzazi wa Dar es Salaam huilipa hata bila kambi. Mtoto wake anakwenda Miono kila likizo, kwa bibi.

Bei zote zitakazofuata, ukiacha nauli na mshahara wa serikali, ni makadirio tuliyoyaweka sisi wenyewe mezani. Atakayetaka kuzitumia aingie sokoni kwanza na daftari lake.

Tulianza na mambo ambayo kambi yoyote itayagharamia, watoto walale wasilale. Sensei, yaani mwalimu wa karate, kwa siku 10 ni shilingi 400,000, msaidizi wake 250,000. Nauli zao, malazi yao na chakula chao, 360,000. Walezi watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, kwa 15,000 kwa siku, 450,000. Wapishi wawili, 200,000. Sanduku la huduma ya kwanza pamoja na mhudumu wa afya wa kuitwa, 150,000. Maturubai, mikeka, ndoo za maji na vifaa vya mazoezi, 240,000. Barua, vibali na matangazo, 150,000. Jumla ni 2,200,000, na fedha hiyo inatoka hata akija mtoto mmoja tu.

Kisha tukaongeza usiku. Walezi wanne wa kulala na watoto, mmoja kwa kila watoto 10, usiku 11, kwa 20,000: shilingi 880,000. Walinzi wawili, 330,000. Muuguzi wa kulala hapohapo, 220,000. Nyongeza ya wapishi kwa milo ya asubuhi na jioni, 250,000. Maji, taa na usafi wa vyoo, 220,000. Usiku peke yake umekula 1,900,000. Jumla ikapanda hadi 4,100,000, ambayo ukiigawa kwa watoto 40 ni 102,500 kila mmoja. Ongeza chakula cha siku 12 kwa 5,500, yaani 66,000, godoro, shuka na chandarua vya kukodi, 16,000, fulana na cheti, 10,000, nauli 15,500. Ndiyo hiyo 210,000.

Sasa iweke bei hiyo mbele ya mfuko wa mzazi. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Mtoto mmoja kambini ni asilimia 42 ya mshahara huo. Wawili ni asilimia 84. Mkulima wa Miono halipwi kwa mwezi, kwa hiyo kwake tulihesabu kwa ufuta. Tukiukadiria kwa 3,000 kwa kilo, kambi ni kilo 70. Hakuna rangi ya kipeperushi itakayomfanya mtu aamue kwamba kilo 70 za ufuta ziende kwenye karate ya wiki mbili, na mimi nisingemshauri afanye hivyo.

Lakini bei haikuwa hoja ya kwanza ya wazazi. Kijana yule alikuwa ameshapita kwenye nyumba kadhaa kabla ya kuja kwangu, na aliyoyasikia aliyaandika kwenye simu yake. Niliyasoma yote. Walioulizia bei walikuwa wachache. Wengine wote waliuliza jambo moja kwa maneno tofauti: usiku watalala na nani? Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa barazani akimenya mihogo, alimwambia, “Mwanangu, hiyo karate sina neno nayo. Wewe nitajie mtu atakayemwamsha mjukuu wangu saa nane ya usiku akikojoe.”

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko karate katika pwani hii. Miono inajua kambi. Wazee wa huko waliingia jandoni, wakakaa kumbini siku nyingi mbali na mama zao. Mabinti waliwekwa ndani na kufundwa. Mzazi hakutangaziwa jando kwa picha. Alimjua ngariba, alimjua kungwi, alijua ni mtoto wa nani na alimfunda nani kabla. Na gharama aliichangia kwa alichokuwa nacho: kuku, mchele, unga, kuni. Anayetaka mzazi wa Miono amkabidhi mtoto kwa siku 12 anaomba kupewa imani ile aliyopewa kungwi, ila yeye amekuja na kipeperushi.

Wazazi wana haki ya kuuliza hivyo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika kambi ya watoto 40, namba hizo si jambo la kupita haraka. Serikali nayo imelitazama suala la kulala: Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka uliozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kambi ya likizo si shule, na mtu anaweza kubishana kama waraka unaihusu. Mimi sikutaka kubishana. Katika umri wa miaka 7 hadi 12, kwa kawaida wenye 7, 8, 9 na 10 ndio wa darasa la kwanza hadi la nne. Theluthi mbili ya umri aliolenga kijana wetu ni watoto ambao shule yenyewe haipaswi kuwalaza.

Hapo ndipo nilipokumbuka likizo zangu mwenyewe. Nami nilikuwa mtoto wa kupelekwa kwa bibi kila Juni. Bibi ananiita “mume wangu”, ananipa kikombe cha uji cha bati chenye mpini uliovunjika, halafu kuanzia saa mbili asubuhi hana la kunipa. Mchana tulilinda mahindi yasiliwe na nyani, tukachoka, tukagombana, tukaumizana kwa manati. Usiku ulikuwa salama. Kilichokuwa kitupu ni mchana.

Kwa hiyo tulifuta usiku. Watoto walale kwa bibi zao, waje uwanjani saa 2 asubuhi, wanywe uji saa 4, wale chakula cha mchana saa 7, waondoke. Shilingi 1,900,000 zikatoweka kwenye daftari kwa mstari mmoja wa kalamu. Chakula kikashuka kutoka 66,000 hadi 20,000, yaani 2,000 kwa siku: uji 500, chakula cha mchana 1,500. Fulana na cheti, 10,000. Kila mtoto anabeba 30,000 yake, pamoja na fungu lake la ile 2,200,000. Wakiwa 40, fungu ni 55,000 na bei ni 85,000. Ni asilimia 17 ya mshahara ule wa 500,000. Kwa ufuta, ni kilo 28 na ushei.

Chakula nilitaka kukiona kwa macho, maana shilingi 1,500 kwa sahani ni rahisi kuiandika na vigumu kuipika. Tukashika siku moja ya wali na maharage kwa watoto 40. Mchele gramu 150 kwa kichwa ni kilo 6. Kwa 3,000, shilingi 18,000. Maharage kilo 3 na robo kasoro kidogo, 9,600. Nazi nane, 6,400. Mafuta lita moja, 6,000. Vitunguu, nyanya na chumvi, 5,000. Kuni, 10,000. Machungwa 40, ambayo Juni ni msimu wake pwani, 4,000. Jumla 59,000, yaani 1,475 kwa sahani. Inabaki 25 kwa kila mtoto, shilingi 1,000 kwa sufuria nzima. Inatosha, lakini mchele ukipanda kwa 200 tu kwa kilo, sufuria imevuka bajeti. Ndiyo maana nilimsihi anunue mchele wote mara moja kabla kambi haijaanza.

Idadi ya watoto ndiyo inayoamua kila kitu, na hapa waandaaji wengi hujidanganya. Wakija 20, fungu la kila mmoja linakuwa 110,000 na bei 140,000. Wakija 60, mtu atasema fungu linashuka hadi 36,667. Halishuki hivyo. Watoto 60 hawatoshi kwa sensei mmoja na msaidizi mmoja. Unaongeza msaidizi wa 250,000 na walezi wawili wa 300,000, gharama inapanda hadi 2,750,000, na bei inakuwa kama 75,800. Umeongeza watoto 20, umempunguzia mzazi 9,200 tu, na mwalimu ana macho yale yale mawili. Gharama ya kambi hupanda kwa ngazi. Unatembea tambarare, kisha unapanda hatua nzima kwa mara moja. Nilimshauri asimame kwenye 40 na aseme wazi kwamba wa 41 atasubiri Desemba.

Na wakipungua? Kila mtoto anayeahidi kisha asije anaacha shimo la 55,000. Watatu wakikosekana, hasara ni 165,000, zaidi ya asilimia 40 ya malipo ya sensei mwenyewe, kwa sababu bei ya 85,000 haina akiba hata kidogo. Hivyo nafasi ishikwe kwa malipo ya awali, hata kama ni 25,000.

Swali la nani alipe kiasi gani lilituchukua jioni nzima. Dar es Salaam ina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na wenye asili ya Miono walioko huko hupeleka watoto nyumbani likizo. Mzazi wa aina hiyo akilinganisha 210,000 ya kulala na bei ya kutwa, hata ukimtoza 110,000 anaona nafuu. Tukiwapata wa Dar 25 kwa 110,000, ni 2,750,000. Mahitaji yote ni 3,400,000. Watoto 15 wa Miono wenyewe wanabakiwa na kama 43,500 kila mmoja. Na hapo ndipo desturi ya kumbini inaporudi: nyumba ikileta maharage, mchele au kuni zenye thamani ya 20,000, fedha taslimu ni 23,500. Ni chini ya kilo 8 za ufuta. Bei hizo mbili ziandikwe kwenye barua moja, kila mtu azisome. Zikifichwa, siku ya tatu watoto watakuwa wameshaambiana, na bibi wawili waliokuwa majirani watanuniana kwa sababu ya kambi.

Kuna pia suala la wakati. Mkoa wa Pwani ufuta huuzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani, na fedha zake huanza kuonekana Juni kuelekea Julai. Korosho ni kuanzia Oktoba. Anayepita nyumba kwa nyumba Mei, masika bado yananyesha, anaomba fedha ambazo bado ziko shambani. Mwombe mzazi wa Miono jina la mtoto Mei na fedha mwisho wa Juni. Mzazi wa Dar ambaye mshahara wake unaingia kila mwezi mwombe malipo ya awali mapema. Tena usisahau kwamba Juni mtoto wa kijijini ni mlinzi wa shamba. Kambi inayomaliza saa 7 mchana inamrudisha kwa wakati wa kushika zamu ya jioni. Hilo nalo liandikwe kwenye barua, kwa sababu ni nafuu isiyoonekana kwenye bei.

Tulibaki na kipeperushi. Vipeperushi 500 kwa shilingi 300 vingekula 150,000, bajeti yote ya matangazo pamoja na vibali. Tukaviacha. Badala yake barua ya ukurasa mmoja, nakala 100 kwa 200, ni 20,000. Boda na spika kwa siku mbili za gulio, 40,000. Barua za serikali ya kijiji, mtendaji wa kata, mwalimu mkuu, afisa michezo na ustawi wa jamii, pamoja na nauli za kuzifuatilia, 90,000. Kwa kila mtoto ni 3,750. Tangazo kubwa zaidi halina gharama: Ijumaa moja mwezi mmoja kabla, saa kumi jioni, somo la wazi uwanja wa shule, bibi wakae kivulini watazame. Bibi mmoja mwenye wajukuu watatu ni asilimia 7.5 ya kambi nzima. Hakuna spika inayoleta asilimia 7.5.

Na atakachokiona bibi kisiwe ubao unaovunjika. Akione kile ambacho watoto watajifunza kweli kwa saa 30, saa tatu kwa siku 10: kusalimu, kusimama, kuanguka bila kuvunja mkono, kupiga ukelele, kutii neno “acha” palepale. Saa 30 ni sawa na wiki 10 za dojo inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Si haba, ila hazimpi mtoto mkanda wa rangi, na atakayeuandika kwenye tangazo anawadanganya wazazi. Walioeneza sanaa za mapigano kwetu hawakufanya haraka. Mtindo wa karate wa Goju-ryu ulikita mizizi Dar es Salaam miaka ya 1970 kwa mikono ya Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha judo Zanzibar tangu miaka ya 1990. Wote wawili walijenga jina kwa kufundisha mwaka baada ya mwaka.

Kama kuna jambo la kumwahidi mzazi wa binti, kuna ushahidi wa karibu. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana wa sekondari walifundishwa kujihami kwa saa 12 tu: kukataa kwa sauti, kutambua hatari, kupiga na kukimbia. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba waliofanyiwa ukatili wa kingono katika mwaka walishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2, huku kundi ambalo halikufundishwa likibaki karibu palepale, 24.2 na 23.1. Kuzuia tukio moja kuligharimu dola 1.75, huku matibabu ya baada ya tukio yakigharimu wastani wa dola 86. Yale hayakuwa mafunzo ya karate, na wasichana wale walikuwa wakubwa kuliko watoto wetu. Lakini nilimwomba kijana achukue saa mbili kati ya zile 30 azitoe kwa sauti, kwa kukataa, na kwa kumfundisha kila mtoto namba 116, ya bure, ya kuripoti anapodhuriwa. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Marekani, ambako kambi kama hizi zimezoeleka, shule hufungwa wiki 10 hivi wakati wa kiangazi na wazazi wako kazini. Mzazi wa huko ananunua mtu wa kumshikia mtoto mchana, na karate ni ziada. Nilidhani Miono ni tofauti kabisa. Nilipomkumbuka bibi yangu saa mbili asubuhi, mikono kiunoni, hajui atufanye nini, niliona mchana wa Miono nao una mnunuzi.

Barua tuliyoiandika mwisho haina picha ya mtoto yeyote, maana sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inadai ridhaa, na ridhaa ya mzazi tuliona iombwe baada ya kambi, akishatuona. Mstari wa kwanza ni majina ya walezi watatu, baba zao na vitongoji vyao. Wa pili unasema nani atawasindikiza watoto wa kitongoji kipi saa 7 mchana, kwa makundi, hadi mlangoni. Bei mbili zimeandikwa chini, na chini yake jina la sensei na la mama yake mzazi, ambaye bado anaishi Miono na ambaye kila bibi anaweza kumfuata nyumbani kwake jioni hiyohiyo.